Kadi ya Kusimamisha Mezani

Kaka Shee,

Salamu kutoka Riyadh, ambako nguo hukauka kabla sijamaliza kuzianika. Madam ametutoa Jeddah kuja maonyesho ya kazi za mikono, mimi nikiwa wa kubeba mtoto na mifuko.

Nimemkuta sonara mwenzako, mzee wa kabila la Yi kutoka milima ya China. Yeye anagonga fedha, watu wanampiga picha, na bosi wa kibanda anauza mikufu ya kiwandani kama kazi ya mzee. Mzee akaisemesha simu yake, nayo ikatafsiri na kuniuliza kwa Kiarabu, kwa sauti tamu ya kike: "Huku neno 'mashine' mnaliandikaje?" Nikamwandikia neno hilo kwa Kiarabu kwenye kadi. Akaisimamisha mbele ya ile mikufu, akarudi kwenye nyundo yake.

Bosi akaja akifoka: "Mashine hizo ndizo zilizoleta barabara kijijini kwenu."

Simu ikamjibu kwa upole: "Kwa barabara tunashukuru. Uongo hatukuagiza."

Bosi akasema halas, yaani basi, kadi iondoke. Mzee akaendelea kugonga, na kadi ikabaki. Madam alicheka, kisha akanunua mkufu aliougonga mzee mwenyewe. Nani aliandika kadi hakuuliza mtu, nami sikujitolea kusema.

Najua hoteli ya huko nyumbani inakutaka ukae mlangoni ugonge fedha, wao wauze pete za kiwandani. Kaa kaka, mshahara si haramu. Nibusie mama mkono, ule chakula ushibe, kisha geuza postikadi hii. Juu ya picha nimeandika MASHINE kwa herufi kubwa. Isimamishe mbele ya pete zao.

Dadako,
Mwanaisha