Msiba Uliochelewa Kufika Miono

Jumatano, 9 Julai. Kerege
Suruali nne za sare, mbili bado pindo. Cherehani inakata uzi tena. Baba kaja kibarazani, kasimama, hakuketi. Jumatatu ya tarehe 21 anapasuliwa tezi. Ijumaa kabla ya hapo anataka hitima isomwe nyumbani, na safari hii jina la mama yake litajwe kamili. Kila mwaka marehemu wetu wote husomwa fulani bin fulani. Bibi husomwa "Mwanaidi, mama yake Salum", basi. Alifariki Baba akiwa na miaka minne. Upande wa babu, Waarabu wa Bagamoyo, walimlea wakimwambia mama yake hakuwa na kwao. Ana miaka sabini na saba na bado linamuuma.

Mimi nimepewa jina la huyo bibi, kwa hiyo Baba huniita mama. "Nenda, mama, ukaniulizie." Suruali zitangoja.

Alhamisi, 10 Julai. Bagamoyo
Dukani kwa Ami Nassor, binamu yake Baba. Kahawa, kashata, salamu robo saa nzima. Nilipomtaja bibi akaanza kukunja kanga zilizokwisha kukunjwa. Alitoka bara, akasema, Miono, kwa Wakwere. Jina la baba yake halijui. "Mambo ya wazee hayo, mwanangu. Yaache."

Nilikasirika. Halafu nikajiona. Miaka yote nimejivunia Uarabu wetu, na Miono sijawahi kukanyaga. Saa tatu tu kwa basi.

Ijumaa, 11 Julai. Miono
Nimeharibu.

Niliulizia msikitini ndugu zake bibi, nikapelekwa kwa Bibi Tatu. Kikongwe, mgongo umepinda, macho makali. Mdogo wake bibi, tumbo moja. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri. Nikapewa kiti na soda. Akauliza jina langu. Mwanaidi. Akauliza nimepewa la nani. Nikamwambia. Akauliza, taratibu kabisa, "Yuko wapi?"

Nikasema alishakufa zamani, Baba akiwa mdogo. Nikanywa fundo la soda.

Bibi Tatu akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mpwa wake, Mzee Shomari, akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Kwao hawakuwahi kuambiwa. Walikwenda Bagamoyo kwa mumewe mara mbili kumuulizia, wakajibiwa amehamia Unguja. Wakarudi, wakamngoja. Katika ukoo mzima hakuna mtoto aliyepewa jina lake, maana jina hurithiwa kwa aliyekufa, na kwao Mwanaidi alikuwa hajafa.

Mimi nimewapasulia msiba nikiwa kitini, na chupa mkononi. Nimepanga chumba karibu na stendi. Jina la baba yake bibi sikuuliza. Ningeuliza kwa uso gani?

Jumamosi, 12 Julai. Miono
Asubuhi Mzee Shomari kaja. Bibi Tatu anasema msiba haujafika. Uletwe unavyoletwa.

Akanielekeza. Nisibebe mkoba. Ndala nizivue uwanjani. Nisikae kitini, nisinywe hata maji kabla sijasema. Nikaenda hivyo, peku, kanga kichwani. Nikaketi chini mbele yake. Nikasema: nimeletwa na Salum, mwana wa dada yako, nikujulishe kwamba dada yako Mwanaidi ametutoka.

Nilidhani nitakuwa naigiza. Kilio kilitoka nyumba ile kikaenda nyumba ya pili, ya tatu. Wanawake wakaja wakikimbia kutoka mashambani na matope miguuni. Wengi ni wadogo kwangu. Walilia. Zaidi ya miaka sabini, na walilia kama wa jana. Nikalia na mimi. Wanaume wakatandika majamvi nje. Chungu kikabandikwa. Sijawahi kuona jambo kubwa kama hili maishani mwangu.

Jumatatu, 14 Julai. Miono
Tumeanua matanga leo. Siku tatu nimelala chini na wanawake ambao wiki iliyopita sikujua kama wapo. Mmoja ana vidole vya Baba, kidole gumba kile kile kilichopinda.

Baada ya dua Bibi Tatu akaniita ndani. Akaushika mkono wangu, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, dada."

Nilitaka kuuvuta mkono. Nina miaka arobaini na mbili. Yeye anakaribia tisini. Lakini alikuwa anangoja, na aliyekuwa akimngoja si mimi. Nikaitikia marahaba. Sauti haikuwa yangu.

Kisha akanipa majina, la baba yake na la baba wa baba yake, akanitaka niyarudie mpaka yanikae. Alinisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipoondoka alikuwa bado amesimama.

Ijumaa, 18 Julai. Kerege
Hitima imesomwa baada ya Alasiri. Ami Nassor hakuja. Mzee Shomari kaja na gunia la mihogo. Shehe aliposoma "Mwanaidi binti Kibwana bin Mgeni", Baba alisawazisha kofia.

Watu walipoondoka akaniuliza nyumba yao inatazama wapi. Nikamwambia mashariki. Akauliza kama walilia.

"Siku tatu, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi alikuwa na kwao," akasema, akaomba mihogo.

Nimemchemshia kwa nazi. Kesho nimalize zile suruali.