Ustadha, Niliandika Siri ya Zuhura

Jumatano, baada ya Alasiri

Ustadha wangu,

Assalaamu alaykum. Miezi minne imepita tangu tukuzike, na leo ndipo nakuandikia. Kesho baada ya Adhuhuri kamati ya shule inakaa, na nimeitwa niende na daftari langu.

Nianze mwanzo, kama ulivyozoea kuniambia. Ulipofariki nilipewa darasa lako la kidato cha tatu, kwenye kile chumba cha juu kinachotazama maduka ya vitenge. Wasichana wanakaa vilevile ulivyowapanga. Wakubwa bado wanawasikiliza wadogo sura zao kabla ya kengele. Muuza dawa za panya bado anawasha spika yake tukifika kwenye tafsiri, nasi tunangoja apite.

Kati yao yumo Zuhura, yule ambaye baba yake anauza viatu vya mitumba Mchikichini. Mama yake alifariki wiki chache baada yako. Siku moja alibaki darasani wenzake walipotoka, akaniambia kwamba tangu msiba ule haswali. Anasimama kwenye safu, anarukuu, anasujudu, lakini hasomi chochote. "Mdomo hautaki, mwalimu," alisema. Nilimwambia nimesikia, na kwamba hakuna mwingine atakayesikia.

Jioni ile nikayaandika. Jina lake, tarehe, maneno yake yote. Unaijua tabia yangu. Ulikuwa ukinitania, "Hadija, malaika wako wa kuandika amepata msaidizi." Wallahi sikuwa na nia mbaya, nilitaka nisisahau kumfuatilia. Wiki iliyopita nikaliacha daftari kwenye meza ya walimu. Mwalimu wa nidhamu akalifungua kutazama ni la nani, akayasoma, akaipelekea kamati. Sasa kamati inataka niusome ukurasa ule mbele ya Zuhura na baba yake, kisha waamue kama abaki.

Baba yake alishasema hapa ndipo mwisho. Akiondolewa, shule basi, anapelekwa kwa shangazi yake Buguruni akauze chapati.

Nakumbuka nikiwa kidato cha pili. Nilikula mihogo ya kukaanga mchana wa Ramadhani, nimejificha kwenye ngazi, halafu nikaja kwako nalia. Ukasema, "Nimesikia. Utailipa baada ya Idi, na siku hiyo nitafunga nawe." Ukafunga nami. Hakujua mtu, hata mama yangu. Ulikuwa ukituambia walimu kwamba hijabu tunaweza kuwashonea wote kwa siku moja, ila msichana akikosa pa kusemea lililo moyoni, hatujamfundisha dini.

Na mimi nilikuwa pa kusemea pa Zuhura.

Leo nilimwita nikamwambia ukweli. "Niliandika, Zuhura. Na wamesoma." Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, "Baba atasikia?"

Naogopa, Ustadha. Tangu asubuhi hata chai imenishinda. Naogopa kufukuzwa kazi, ndiyo. Lakini nikikataa kusoma, mwalimu wa nidhamu anaweza kuyasema mwenyewe, na siwezi kumziba mdomo. Hilo ndilo linalonitoa jasho. Namwona yule mtoto anainamisha kichwa, na baba yake anamtazama, na mimi nimekaa na daftari mapajani.

Sitausoma ukurasa ule. Nakuahidi. Nitawaambia aliyekosea ni mimi, niliyepewa siri nikaitia wino, na kama kuna wa kuondolewa waanze na mimi. Nitamwomba baba yake ampe binti muda, kama ulivyonipa mimi. Sijui sauti itatoka vipi.

Lala salama, Ustadha wangu. Allah alipanue kaburi lako na alitie nuru. Kesho kamati itakaa nyuma ya meza, na kiti changu kitakuwa kimewekwa upande wao. Sitakikalia. Nitakwenda kukaa kwenye benchi lililo mbele yao, bega kwa bega na Zuhura.

Mwanafunzi wako,
Hadija