Mlilie Malkia Wako

Kwako Mwanaidi, binti wa marehemu,

Umeniomba picha ya baba yako uiweke kwenye ukurasa wako huko London, wafuasi wako wakupe pole. Sikupi. Nakujibu hapa hapa kwenye ukurasa huo, hadharani, maana simu zangu hupokei tena ila wageni unawajibu wote.

Unakumbuka nyumbani kwetu Turffontein, tulivyokuwa tukijibanza watatu kwenye kochi moja kutazama filamu ya yule binti wa Kiingereza aliyefanywa malkia siku tisa tu, kisha akakatwa kichwa? Baba yako ndiye aliyekuwa akinitafsiria. Walipomfunga kitambaa machoni, akawa anapapasa hewa kutafuta gogo la kuwekea shingo, ulilia mpaka kwikwi. Baba akakufuta kamasi kwa shati lake la kazi. "Basi, malkia wangu, basi," akakwambia. Tangu hapo jina likawa hilo: malkia kaamka? Malkia kala? Akalinda magorofa ya watu Randburg miaka nenda rudi ili ukasome hayo mambo ya malkia. Hongera, umeyasoma.

Mwaka huu sukari ilipompofusha nikakupigia. Ukanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili siku hizi kinakuwasha mdomo, kwamba una watu wa kuwatembeza pale malkia alipouawa. Eish! Siku aliyokata roho alikuwa anapapasa godoro, anauliza, "Malkia wangu kafika?" Nikampa mkono wangu. Akausukuma, kajua si wako. Jioni hiyo jirani yangu Rehema akanionyesha simu yake: umeweka maua pale, unalia, watu wamekumiminia vimoyo vyekundu. Ati inakuuma mno binti yule alivyokufa hana wa kumshika mkono! Mtoto huna haya wewe.

Nilikupenda, Mwanaidi, sikatai. Nilikuwa nikikushonea magauni usiyoyaomba. Sasa nikilikuta jina lako kwenye simu, naigeuza kifudifudi.

Umesema utakuja kwenye arobaini. Njoo, sifukuzi mtu msibani. Utakaa kwenye mkeka na wageni, utapewa pilau kama wageni, na ukimaliza utaonyeshwa pa kunawia. Akitokea mtu kuniuliza wewe ni nani wa marehemu, mimi sijibu. Jibu mwenyewe.

Ni mimi,
mjane wa baba yako.