Kufuli la Mlango wa Mzee

Jumatatu, 7 Julai 2025

Julius, rimoti si yako. Kuninyang'anya mbele ya wajukuu, eti "Mama, hizo picha zitakupandisha presha." Presha hii nimekuzaa nayo. Televisheni amenunua binti yako Germana kwa jasho lake la lodge ya watalii, na kaniambia, Bibi, tazama upendacho.

Julius na watoto walipokwenda mnadani nikawasha tena. Filamu ya kweli, mateka wa vita, nchi za mbali. Wamevikwa magunia vichwani. Germana ananisomea maandishi ya chini. Mimi niliishia la nne, lakini mtu mwenye hofu namjua bila kusomewa.

Natazama kwa sababu Josephati, mume wangu, alikuwa mateka. Vita vya Kagera. Alirudi mgongo umechanwachanwa. Nikamwuliza. Akasema, "Nilikuwa safarini." Mpaka leo ni hiyo safari tu.

Jumatano, 9 Julai

Sehemu ya pili. Germana akalia. Nikamwambia kalie jikoni, uniinjikie na chai.

Julius kapita, kasema wenzangu wanatazama kwaya. Watazame.

Baridi kali, ukungu mpaka saa nne. Mzee wangu kaota jua na blanketi lake, ananiuliza kama ngano imevunwa. Imevunwa. Anauliza tena. Akili inakuja na kuondoka. Mwezi wa sita alitoka alfajiri, askari wa hifadhi wakamkuta juu msituni, kwenye njia ya nyati. Ndipo Julius akaweka kufuli la usiku kwenye chumba cha baba yake, kwa nje. Nilikataa. Wakanishinda kwa kelele.

Ijumaa, 11 Julai

Leo ameongea mzee mmoja kwenye filamu, mateka wa zamani. Anasema komeo likilia, kabla mlango haujafunguka, lazima uwe umeelekea ukutani, mikono kichwani. Ukichelewa, fimbo.

Nikasema, Germana, rudisha nyuma. Akarudisha. Rudisha tena.

Kila asubuhi Julius akifungua kufuli anamkuta baba yake ameelekea ukutani, mikono kichwani. "Tayari, afande." Watoto wanacheka, Babu anacheza jeshi. Julius naye anajibu, "Legea, askari!"

Sisi humu ndani tunasema Kiiraqw. Mzee hata mbuzi anawafukuza kwa Kiiraqw. Kiswahili kinamtoka kufuli likilia tu. Basi waliomkamata walimwamrisha kwa Kiswahili.

Chai yangu imepoa. Sikuinywa.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia Julius, leo mimi nalala chumba cha baba yako, na utufunge wote wawili. Akasema, "Mama, unataka nini?" Nataka kusikia hilo kufuli kutoka ndani. Akacheka. Germana hakucheka.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani sikwenda. Padri atanisamehe, na asiponisamehe shauri yake.

Alfajiri kufuli lililia. Mzee alikuwa usingizini. Akaruka kama kijana, magoti yake yale mabovu, akanivuta kutoka kitandani. "Simama upesi, mama, watakupiga." Kwa Kiswahili. Hakunijua mimi ni nani. Akanigeuza ukutani, akanishika mikono, akaniwekea kichwani mwenyewe. Halafu akasimama kati yangu na mlango.

Julius akafungua, akatuona. Mdomo wazi.

Nikamwambia, sema sasa, legea askari. Akaliacha kufuli likining'inia, akatoka.

Baadaye kwenye uji akaanza. "Mama, nyati hawajui kama alipigana vita. Akifa huko msituni, mtasema Julius hakumlinda baba yake." Machozi yanamlenga. Najua anampenda. Hata mimi naogopa nyati, sijawa mwendawazimu. Lakini nikamwambia: baba yako alitoka kwenye kile chumba cha mateka akiwa hai, wewe ndiye umemrudisha. Nyati wakimkuta, watamkuta akitembea.

"Maneno makali hayo, Mama."

Makali, ndiyo. Ameze.

Kufuli ninalo, nimelifunga kwenye pindo la khanga. Julius kaondoka na pikipiki kwenda mjini, hajaaga. Sijui atarudi na fundi wa kuweka uzio au na kufuli jingine. Mzee yuko juani, anauliza ngano.

Germana, acha kunichungulia. Leta ile ngozi ya ng'ombe, uitandike kizingitini kwa Mzee, kwa ndani, hapo nitalala mimi; akitaka kutoka usiku, atanikanyaga kwanza. Na asubuhi anayekuja asiguse mlango. Aite kwanza, kwa Kiiraqw, kwa jina la Mzee, na asubiri mpaka aitikiwe.