Kazi ya Sefu

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Shangazi yako hajambo, yuko Magomeni. Mimi nipo hapa hapa Kariakoo, na nyumba imekuwa kubwa.

Umeuliza kama betri ya moyo niliyowekewa kifuani ndiyo inayopiga badala ya moyo. Hapana. Enzi za Ujamaa, kwenye karakana ya reli Gerezani, tulisukuma behewa huku Sefu akitembea pembeni, anasikiliza hatua zetu. Tukienda vizuri, kimya. Tukizubaa, anaita, "Haya, twende!" Tulimwona mvivu, mpaka siku alipougua, tukapishana hatua, behewa likagoma.

Betri nayo inasikiliza tu. Moyo ukichelewa, inaushtua kwa umeme kidogo.

Tangu bibi yako afariki, humu ndani ni hiyo tu inayonisikiliza.

Babu yako