Betri za kidude cha Gaëlle

Adrienne, ule uvumi wa kanisani kwamba watoto wetu siku hizi wanateleza thelujini na mbao zao nje ya njia zenye alama, ulikataa kunitoka. Kumbe ni kweli!

Binti yangu Gaëlle kanipigia sasa hivi toka milimani. "Mama, uligusa betri za kidude changu?"

Ndiyo. Nilizitia kwenye rimoti ya tivii, nikamwekea zile kuukuu. Nilidhani ni redio!

Akaniambia, Adrienne: "Mama, theluji ikinifukia, hicho ndicho kinawaonyesha wenzangu pa kuchimba. Jana nimeteleza mchana kutwa kikiwa kimezimika."

Mchana kutwa! Na mimi huku nyumbani Alby natazama tamthilia.

Unakumbuka walivyoanza, miaka minane iliyopita? Kilima kidogo, sisi chini na chai, kocha anakagua kila mtoto hadi kamba za viatu. Nikamuuliza Gaëlle, sasa nani anawakagua? "Hakuna, mama. Sisi ni wakubwa."

Mwanao Hervé anaondoka Ijumaa kwenda huko huko milimani. Nakuomba:

Usiguse begi lake.
Usitoe betri yoyote.
Usimfiche kama ulishaitoa.
Usikubali neno "nimeshakagua". Akiwashe kidude chake mbele ya macho yako.