Chupa kwenye friji ya Zainabu

Shoga, Zainabu kakaa sakafuni hapa maabara.

Juzi umeme ulikatika huku, akaenda kuihifadhi chupa ya sampuli ya maji kwenye friji ya nyumbani kwake, Mikindani. Ubavuni kaandika jina la kisima.

Leo matone ya maji yale tuliyobaki nayo yameota vijidudu vya njano kwenye sahani ya maabara. Njano kabisa! Tukapima vinasaba, jibu lile lile. Kipindupindu, shoga.

Akampigia mama mkwe wake, anayekaa naye: "Mama, ile chupa usiiguse!"

Mama anacheka! "Ahsante mwanangu. Nimesoma jina, kumbe maji ya kisima cha kwetu! Jana nimefuturu nayo."

Kafuturu nayo, shoga. KAFUTURU NAYO.

Zainabu akauliza, yamebaki?

"Hata tone. Mwanao nilimpa kikombe. Ila toka alfajiri anaharisha, nadhani ni yale maembe."